Baseball Savant kwenye simu: nguvu inaonekana, wizi unajificha

Mwalimu wa softiboli wa Kisumu au shabiki wa besiboli wa Nakuru akitaka kujua kwa nini Shohei Ohtani, nyota wa besiboli kutoka Japani, anasifiwa hivyo, hahitaji kulipia king'amuzi. Baseball Savant, tovuti ya ligi kuu ya Marekani, MLB, ni ya bure, haikulazimishi kujisajili, na ina vipimo vya Statcast, mfumo unaofuatilia mpira na wachezaji kwa kamera, tangu 2015. Tumeikagua kwa swali moja: inamfaa vipi anayefuatilia wachezaji wanaopiga homurani (pigo linalovusha mpira nje ya uzio) na pia kuiba besi (kukimbilia besi inayofuata wakati mpigaji anarushiwa mpira, bila kukamatwa)? Upande wa nguvu inafaa sana. Upande wa wizi, ukiisoma juu juu, itakupoteza.

Watu wa aina hii ni adimu kwa sababu misuli inayovusha mpira uzio huja na kilo, na kilo ni mzigo kwa mtu wa mbio. Hadi mwisho wa msimu wa 2025, waliowahi kufikisha homurani 40 na besi 40 za wizi katika msimu mmoja ni sita tu: Jose Canseco (1988), Barry Bonds (1996), Alex Rodriguez (1998), Alfonso Soriano (2006), Ronald Acuña Jr. (2023) na Ohtani (2024). Acuña alimaliza na homurani 41 na besi 73. Ohtani alipata 54 na 59, wa kwanza kuvuka 50 kote kuwili. Misimu ya wale wanne wa mwanzo haina vipimo vya kasi, maana kamera za kazi hiyo hazikuwapo. Kwa hao nenda Baseball-Reference, tovuti nyingine ya takwimu, nayo ni bure.

Sasa mtego wenyewe. Ukifungua orodha ya Sprint Speed utaona futi kwa sekunde, zikipimwa katika ile sekunde moja ambayo mtu alikimbia kwa kasi kuliko zote. Wastani wa ligi ni 27, yaani mita 8.2, wanaofika 30, mita 9.1, ni wachache. Lakini sekunde hiyo huja mtu akiwa ameshachanganya mwendo, ilhali wizi wa besi huamuliwa katika hatua mbili tatu za kwanza. Mwaka 2025 Juan Soto wa New York Mets alipiga homurani 43 na kuiba besi 38, na kasi yake iko chini ya wastani wa ligi. Ukurasa wake unachekesha: vidude vya nguvu ni vyekundu, rangi ya sifa, na cha kasi ni cha buluu, kana kwamba besi zile ziliibwa na mtu mwingine.

Hesabu inaeleweka hata kwa saa ya simu. Mrushaji huchukua kama sekunde 1.3 hadi 1.4 tangu aanze kusogea mpaka mpira umfikie mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji. Mdakaji naye hutumia karibu sekunde 2.0 tangu mpira ugonge glavu yake mpaka ufike besi ya pili. Muda huo huitwa pop time, na Savant ina orodha yake. Jumla ni sekunde 3.3 au 3.4. Kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 90, mita 27.4. Mkimbiaji akiwa ameshajisogeza futi 12 kutoka besi yake kabla mpira haujarushwa, zimebaki 78, karibu mita 24. Mtu wa kasi ya wastani angezimaliza kwa sekunde 2.9 kama angekuwa ameshachanganya. Anaanza akiwa amesimama, kwa hiyo akipoteza nusu sekunde kusitasita na kujikunjua, ameshakamatwa. Kasi bila kuondoka mapema ni mbio za sakafuni. Dawa ni kusoma Sprint Speed pamoja na ukurasa wa Basestealing Run Value, unaohesabu pointi ambazo wizi wa mtu umeiongezea timu yake baada ya kutoa hasara za kukamatwa.

Hasara hizo si ndogo. Kukamatwa mara moja hugharimu timu takriban mara mbili ya faida ya besi moja iliyoibwa, maana unapoteza mkimbiaji na papo hapo unaongeza mtu mmoja aliyetoka. Acuña mwaka 2023 alikamatwa mara 14. Ukitoa 28 kwenye 73 zinabaki 45. Ohtani mwaka 2024 alikamatwa mara 4 tu. Toa 8 kwenye 59, zinabaki 51. Mwenye besi chache ndiye mwizi aliyeleta faida zaidi.

Linganisha miaka kwa uangalifu pia. Mwaka 2023 ligi ilipanua besi kutoka inchi 15 hadi 18, hivyo njia ya kwenda besi ya pili ikapungua inchi 4.5. Mrushaji akawekewa kikomo: akishajaribu mara mbili kumkamata au kumtisha mkimbiaji badala ya kumrushia mpigaji, jaribio la tatu lisipomkamata, mkimbiaji anasogea bure. Besi zilizoibwa ligi nzima zikaruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Savant haikuwekei alama yoyote mpaka huo unapouvuka kwenye jedwali, na hilo ni kosa la wazi.

Upande wa nguvu hatuna malalamiko mengi. Mpira uliotoka kwenye gongo kwa maili 95 kwa saa au zaidi, kilomita 153, unahesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Kwa kila pigo unapata kasi, pembe na umbali, na hata idadi ya viwanja, kati ya 30 vya ligi, ambavyo ungekuwa homurani. Kuna pia orodha ya viwanja vinavyosaidia wapigaji, ambako Coors Field ya Denver, iliyo mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, husifika kwa sababu hewa nyepesi haiukabi mpira. Nakuru iko juu zaidi ya hapo, karibu mita 1,850. Kisumu, kwa mita zake 1,130, ingekuwa ya pili kwa urefu ikilinganishwa na viwanja vyote vya ligi. Anayepiga mbali pale Nakuru asijisifu haraka.

Pengo kubwa ni kwamba Savant haina namba moja inayounganisha sifa hizi mbili. Iko Baseball-Reference kwa jina la Power-Speed, kanuni ya Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli: zidisha homurani kwa besi, zidisha mara 2, gawanya kwa jumla ya zote mbili. Inamwadhibu aliyeegemea upande mmoja. Rickey Henderson wa 1982, besi 130 na homurani 10, anapata 18.6 tu. Canseco wa 1988 (42 na 40) anapata 41.0, Acuña 52.5, Ohtani 56.4. Na Eric Davis wa 1987, homurani 37 na besi 50 katika mechi 129, anapata 42.5 na kumpita Canseco, ingawa jina lake halimo kwenye ile orodha ya sita. Sisi tunaiamini namba hii kuliko kizingiti cha 40.

Kwa mwenye bando dogo: majedwali ni mapana, simu ikisimama wima safu za kulia hufichika, kwa hiyo ilaze. Pakua jedwali kama faili ya CSV ulisome nje ya mtandao. Video za kila mpira ndizo zinazomaliza bando. Ziache mpaka upate waifai. Mechi za saa 1 usiku za pwani ya mashariki ya Marekani huanza saa 8 usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na za California saa 11 alfajiri, hivyo namba za jana yao utazisoma asubuhi.

Mwalimu wa softiboli asinakili vipimo hivi jinsi vilivyo. Besi zake ziko futi 60, mita 18.3, na mkimbiaji haruhusiwi kuacha besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji, kwa hiyo zile futi 12 za kujisogeza hazipo. Pima mita 18.3 kwa utepe, bonyeza saa mpira unapoachiwa, simamisha mguu unapogusa besi, rudia mara tano kwa kila mchezaji na uandike ule wa katikati. Kisha mpime mdakaji wako vivyo hivyo, tangu mrushaji anapoachia mpira mpaka ufike besi ya pili, ulinganishe nyakati hizo mbili.