Unataka Datsun Z ya zamani? Usikimbilie 240Z kwanza

Yaani kila mtu akisikia Datsun Z, yale magari ya spoti ya Nissan waliyoyauza kwa jina la Datsun, anataka 240Z tu, na namwelewa, maana ndio iliyobeba Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, halafu 1973 tena na Shekhar Mehta, mpaka leo kuna wazee wanasimulia lile vumbi. Ila hapo unalipia jina, na jina hilo Nissan wenyewe ndio walilipandisha bei, kila walipotoa toleo jipya.

Cheki ilivyokuwa. 240Z imetoka mwisho wa 1969, silinda sita za mstari, lita 2.4, Marekani wakaiuza dola 3,526, hela ndogo kwa spoti ya aina ile. Baadaye sheria za moshi na bampa za Marekani zikabana, wateja nao wakataka starehe, Nissan wakafuata soko: bampa nzito, viti vya nyuma, mazagazaga. Gari likawa linanenepa tu na ile ya kwanza ikazidi kuonekana malaika.

Kwangu namba moja ni 260Z ya viti viwili, usukani kulia. Ya 1974, injini lita 2.6, umbo karibu ni lilelile la 240Z. Sifa mbaya ilizipata Marekani, kule ilikuja na kabureta bapa za kupunguza moshi, injini ikichemka kidogo gari linakohoa, watu wakazing'oa wakafunga zile za mviringo za 240Z za mwanzo. Kule ilikaa kama mwaka mmoja tu ndo maana wanaiona ya kupita njia, kumbe nchi nyingine iliuzwa hadi 1978. Sasa wewe unalipa bei ya gari lililosemwa vibaya na watu wa mbali, shida iko wapi?

Namba mbili 240Z, kama hela ipo na haikuumi.

Tatu 280Z, 1975 hadi 1978. Ina EFI, yaani mafuta yanapulizwa kwa mfumo wa umeme badala ya kabureta, asubuhi inawaka bila kubembelezwa, kimashine mimi ningeipa namba moja, lakini ilitengenezewa Amerika Kaskazini, usukani kushoto. Jaribu kuovateki lori nayo kwenye barabara zetu, abiria ndio anakuwa macho yako.

Nne 260Z ya 2+2, yaani viti viwili mbele na viwili vidogo nyuma. Wameirefusha sentimita 30 katikati, paa limevimba, wenye Z zao wanaicheka, ila mwenye watoto wawili hana haja ya kuwasikiliza.

Mwisho 280ZX, 1978 hadi 1983. Laini, tamu kwa safari ndefu, kuna hadi ya turbo kuanzia 1981. Ila ukiinunua ukitegemea ladha ya 240Z utalia.

Na zote hizi adui yao kutu. Inua kapeti, angalia chini ya betri, asidi ikidondoka inakula kile kitako chake halafu inashuka kwenye mbavu za chini za bodi, hapo hata fundi mzuri anakuna kichwa. Beba sumaku ndogo umeifunga kitambaa isikwaruze rangi. Mimi nilienda kuona moja nyekundu, inang'aa unajiona sura, nikaweka sumaku juu ya tairi la nyuma ikadondoka, nikarudia ikadondoka, kumbe puti tupu, ile ya kuziba mashimo ya kutu, chuma hakuna. Muuzaji ananiambia kaka, hiyo sumaku yako feki.