Kuskani na kujalidi maandishi ya wafanyakazi: tathmini ya stesheneri moja Kigoma Mjini

Wastaafu wengi wa reli na bandari hapa Kigoma wanakaa na maandishi yao majumbani: majarida ya tawi yaliyorudufiwa kwa stensili, madaftari ya mashairi, risala za Mei Mosi, na habari za maisha ya kazini zilizoandikwa kwa mkono na watu ambao hakuna mchapishaji aliyewahi kuwauliza wana nini cha kusema. Mchwa walipomaliza sanduku zima la mwenzetu mmoja, kikundi chetu kiliamua kukusanya kilichosalia, na kazi ya kuskani na kujalidi tukaipeleka katika stesheneri iliyo jirani na stesheni. Natoa tathmini hii kwa ajili ya wengine wenye karatasi za namna hiyo, kwa sababu duka hili linafaa, ila linahitaji kuelekezwa.

Kijana aliyetuhudumia hakuzipitisha karatasi kwenye roli ya mashine, ambayo ingezichana. Alilaza ukurasa mmoja mmoja juu ya kioo kwa uvumilivu ambao sijauona katika ofisi nyingi. Hata hivyo, nakala za kwanza alizitoa kwa rangi nyeusi na nyeupe tupu, kama wanavyofanya kwa vyeti na barua za maombi ya kazi. Zilipendeza kwa usafi wake, lakini kila kilichoandikwa kwa penseli kilikuwa kimepotea. Katika toleo moja kuna shairi la kuli wa bandarini kuhusu shehena za Bujumbura, na pembeni mwake msomaji amehesabu mizani ya mshororo wa tatu akakuta 15 badala ya 16. Chini yake mkono mwingine umependekeza mshororo uliotengenezwa upya, na wa tatu umeukataa. Kwangu mimi mabishano hayo yana thamani sawa na shairi lenyewe, maana yanathibitisha kwamba jarida lile lilisomwa, likapita mikononi mwa watu na likajadiliwa na wenye ujuzi wa ushairi, ambao mchana walikuwa wakibeba magunia. Tulipoomba kazi irudiwe kwa rangi kamili, kwa nukta 300 kwa inchi, penseli ilionekana vizuri, na hatukutozwa zaidi.

Upande wa kujalidi ndio unaotaka uangalizi mkubwa. Pini zilizoshika kutu walizitoa kwa ustadi na kushona kurasa kwa uzi wa pamba, jambo ninalolisifu bila kusita. Lakini desturi ya duka ni kukata kingo ili kitabu kionekane sawasawa, na kingo ndizo zenye maandishi niliyoyataja.

“Mzee, hizi tusizikate kidogo? Zimechakaa,” aliuliza fundi.

“Usikate, mwanangu. Ziache zilivyo.”

Aliziacha. Vilevile walipendekeza laminesheni kwa majalada yaliyolegea. Kataeni, kwa kuwa plastiki ikishagandishwa kwa moto haitoki tena bila kuharibu karatasi. Selotepu nayo hugeuka njano na kuacha gundi yake humo humo. Bahasha ya karatasi ndani ya boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni inatosha.

Ninasisitiza haya kwa sababu hakuna mwingine atakayetufanyia. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inahusu hasa nyaraka za umma, na shairi la kuli si waraka wa umma. Nchini Uingereza vikundi vya waandishi wafanyakazi viliunda shirikisho lao mwaka 1976, na vitabu vidogo walivyochapisha wenyewe vimehifadhiwa leo katika maktaba ya TUC, yaani shirikisho la vyama vya wafanyakazi la huko, ndani ya Chuo Kikuu cha London Metropolitan, ambako yeyote anaweza kuviomba na kuvisoma. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli ulitokea mwaka 1960. Kwa historia ya urefu huo, kutegemea barua za mameneja peke yake ni kuwadhulumu walioitengeneza njia.

Mafaili waliyahifadhi kwa namba za mashine, zisizomweleza mtu chochote. Tuliwapa orodha yenye mwaka, namba ya toleo na jina la aliyechapa stensili pale lilipojulikana, nao wakayabadilisha siku hiyo hiyo. Tuliondoka na flashi mbili, moja ya kikundi na nyingine ya mtoto wa mwenzetu anayeishi Tabora, ili moto au mafuriko ya upande mmoja yasimalize vyote.

Nakala nyingine zilibaki kwenye kompyuta ya duka hadi tulipoomba zifutwe, na zilifutwa mbele yetu. Mwenye barua za siri za familia au malalamiko yanayomtaja msimamizi aliye hai aombe jambo hilo kabla ya kulipa.