Maficho ya kuwinda bata: shimo la tutani au mashua?

Kwenye mashamba ya mpunga ya jimbo la Arkansas, Marekani, hasa pande za mji wa Stuttgart, wawindaji wa bata mwitu huzika sanduku la chuma ndani ya tuta na kujificha humo, juu wakifunika kwa mabua ya mpunga. Bata anayezunguka angani haoni kitu. Taabu ni kwamba shimo halihami. Bata hutua akiukabili upepo, hivyo mwindaji hutaka upepo umpige mgongoni au ubavuni, na jua la asubuhi liwe nyuma yake. Upepo ukigeuka, waliomo shimoni hubaki kutazama ndege wakishukia upande usiofaa. (Na pampu ya kutoa maji shimoni isisahaulike.)

Mashua iliyovikwa matete huhamia ng'ambo mara moja. Lakini huacha kivuli kirefu majini, na matete ya kutoka mbali huisaliti kwa rangi. Kata yaleyale ya ukingoni. Sheria ya Marekani nayo inakataza kufyatua risasi kutoka mashuani kabla ya kuzima injini na mwendo uliotokana nayo kuisha.

Kwa mto ambao maji hupanda na kushuka, ningechukua mashua. Shimo nawaachia wenye mashamba.