PACER: jalada la mahakama za shirikisho za Marekani kwa senti 10 ukurasa

Anayetaka kujua kesi iliyoko mahakama ya shirikisho ya Marekani imefikia wapi hahitaji kumtafuta wakili wala kungoja gazeti. PACER, huduma ya mtandaoni inayoendeshwa na mahakama zenyewe, humfungulia jalada: hati ya madai, maombi ya mawakili, amri za jaji, hadi hukumu. Kwa yaliyomo, hatujui huduma ya kuishinda. Kasoro yake ni mita. Kila ukurasa ni senti 10 za dola, na mita huzunguka hata utafutaji wako usipozaa kitu.

Jua kwanza kilichomo. Zimo mahakama 94 za wilaya, ambako kesi huanzia, mahakama za ufilisi, na mahakama 13 za rufaa. Mahakama ya Juu ina tovuti yake, nayo haitozi. Talaka, mirathi na kesi nyingi za mauaji ni za mahakama za majimbo; kuzitafuta PACER ni kutupa pesa.

Wenzetu wengi walioko Marekani hukwama kwenye kesi za uhamiaji. Mahakama za uhamiaji hazimo, kwa kuwa ziko chini ya Wizara ya Sheria na si chini ya mhimili wa mahakama. Kesi huonekana PACER pale tu mhusika anapokata rufaa mahakama ya rufaa, au anapopinga kuzuiliwa kwake mahakama ya wilaya. Hata hapo, asiye mhusika wala wakili husoma mtandaoni orodha ya hatua za kesi na maamuzi ya jaji tu. Nyaraka nyingine atazisoma kwenye kompyuta ya umma iliyopo mahakamani. Kanuni hiyo inalinda siri za watu, na tunaiunga mkono.

Kujisajili ni bure. Ukiweka kadi ya benki, akaunti hufunguka papo hapo. Usipoiweka, msimbo wa kufungulia akaunti hutumwa kwa posta, na kwa aliye nje ya Marekani hiyo si njia ya kutegemea. Malipo huhesabiwa kila baada ya miezi mitatu, kuanzia Januari. Matumizi yasipozidi dola 30 katika robo hiyo, deni hufutwa lote. Kwa hiyo msomaji makini ana kurasa 300 bila kulipa. Ukivuka dola 30 utadaiwa yote tangu ukurasa wa kwanza, si ile ziada peke yake.

Njia ya kubana matumizi ni kuingia ukiwa na nambari ya kesi. Chukua kesi ya wahanga wa milipuko ya balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, ya tarehe 7 Agosti 1998. Owens dhidi ya Sudan, katika mahakama ya wilaya ya Washington, D.C., ni 1:01-cv-02244. Tarakimu ya kwanza ni ofisi ya mahakama, 01 ni mwaka 2001, cv ni madai (cr ni jinai, bk ni ufilisi), kisha nambari ya zamu. Kesi ilipopanda mahakama ya rufaa ilipewa nambari mpya, 14-5105. Mahakama ya Juu ikaipa 17-1268, na jina nalo likabadilika: Opati dhidi ya Sudan, iliyoamuliwa tarehe 18 Mei 2020. Mahakama ya rufaa ilikuwa imefuta fidia ya adhabu (inayotolewa kumwadhibu mdaiwa, si kufidia hasara) ya takriban dola bilioni 4.3, Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo. Anayefuata jina moja tu atadhani kesi iliishia njiani.

Bila nambari, tumia kitafutio cha kitaifa cha PACER. Hicho husasishwa usiku, hivyo kesi iliyofunguliwa leo itafute kwenye mfumo wa mahakama husika. Jina la kawaida kama Ali au Mohamed litakuletea kurasa juu ya kurasa, zote za kulipia, kwa sababu matokeo ya kutafuta jina hayana kikomo cha bei. Ongeza mahakama, mwaka na aina ya kesi kabla ya kubonyeza.

Waraka mmoja hauzidi dola 3, hata ukiwa na kurasa 200, isipokuwa nakala za mwenendo wa kesi neno kwa neno. Lakini kila kiambatisho huhesabiwa waraka peke yake: ombi lenye viambatisho kumi vinene linaweza kufika dola 33. Orodha ya hatua za kesi nayo inalipiwa, na risiti yake huja chini kabisa, ukiwa umeshatozwa. Weka mipaka ya tarehe. Ukipakua hifadhi faili, maana kufungua tena ni kulipa tena.

Sakinisha pia RECAP, programu-jalizi ya kivinjari, ya bure, ya Free Law Project. Waraka ulionunuliwa na mtumiaji mwingine wa RECAP unaupata bila senti, na unaonunua wewe humfaa ajaye. Kesi maarufu huwa zimeshajaa humo.

Bei yenyewe hatuitetei. Mwaka 2016 mashirika matatu yasiyo ya kibiashara yaliishtaki serikali kwa kutoza kupita sheria inavyoruhusu. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba sehemu ya ada ilitumika kwa mambo yasiyoruhusiwa, na mwaka 2024 yakaidhinishwa mapatano ya dola milioni 125. Senti 10 zikabaki palepale. Jalada la umma lilistahili kusomwa bure, hasa na wanaodai haki bila wakili.

Maamuzi yenye sababu za jaji hayatozwi PACER. Anza na hayo: mara nyingi kurasa zake za mwanzo hueleza historia nzima ya kesi, na hapo utajua ni nyaraka zipi hasa za kulipia.