Kisumu: zuio la namba au ada ya kuingia mjini?

Mexico City ilianza zuio la namba mwaka 1989: gari lilitakiwa kukaa nyumbani siku moja kwa juma, kulingana na tarakimu ya mwisho ya namba yake ya usajili. Wenye uwezo wakakwepa zuio kwa kununua gari la pili, mara nyingi kuukuu lenye moshi zaidi. London ilichagua ada mwaka 2003. Kamera husoma namba, na mapato huendeleza usafiri.

Zuio ni rahisi kusimamia, nakubali. Lakini kwa Kisumu naegemea ada, mradi matatu na tuktuk zisamehewe. Mama muuza samaki anayepanda matatu Kondele hana gari, ilhali foleni humchelewesha sokoni. Pesa hizo zimjengee kwanza njia ya miguu yenye taa.