Scania P ya mtumba: neno langu kwa wenye malori wa Mombasa

Kichwa changu cha Scania P nilikinunua mtumba, kimetoka Uingereza. Kinavuta kontena za futi 40 kutoka bandarini hadi Malaba, na wenzangu wa Miritini hawaishi kuniuliza kwa nini sikuchukua gari la bei rahisi.

Kwanza, ritada, yaani kifaa kinachopunguza mwendo wa gari bila kutumia breki za magurudumu. Ukirudi na shehena, ukaanza kuteremka Mazeras, dereva anavuta kile kijiti kilicho upande wa kulia wa usukani, gari linajishika lenyewe bila kukanyaga breki. Likiingia yadi, mimi hupeleka mkono kwenye rimu: haichomi.

Pili, kila silinda ya injini ina hedi yake, yaani kifuniko chake cha juu. Gasketi ikiungua, fundi anafungua hedi ile moja tu, nyingine haziguswi. Asubuhi gari liko gereji Changamwe, jioni limerudi barabarani.

Na mimi hupenda kujua mali imepitia mikono ya nani. Mwaka 1921 Scania-Vabis, jina la zamani la Scania ya Uswidi, ilifilisika. Benki ya akina Wallenberg, ukoo wa matajiri wa Uswidi, iliyoitwa Stockholms Enskilda Bank, haikuuza vyuma ikaenda zake. Iliisimamisha kampuni upya. Baadaye Marcus Wallenberg (1899–1982), mjukuu wa aliyeanzisha benki hiyo, ndiye aliyesukuma Scania-Vabis iungane na Saab, kiwanda cha ndege na magari cha Uswidi, mwaka 1969. Mwaka 1972 aliiunganisha hata benki yenyewe ya familia na benki nyingine, Skandinaviska Banken, ingawa kaka yake Jacob hakutaka kabisa. Ukoo huo ulishika hisa za Scania hadi 2008, ulipoziuzia Volkswagen. Huku kwetu ukichelewesha marejesho kidogo, lori liko kwenye yadi ya mnada. Mwenye benki anayekaa na kiwanda miaka yote hiyo, wallahi namheshimu.

Kinachoniudhi ni spea bandia. Duka moja la mjini liliniuzia filta ya dizeli, boksi safi kabisa, kumbe feki. Injekta, zile pua za kupulizia dizeli ndani ya injini, zikafa nikiwa na mzigo wa mtu. Siku hizi filta nanunua kwa wakala tu, hata bei ikiuma.

Ukienda kukagua ya mtumba, usiridhike na kuwashiwa injini yadi. Omba lipandishwe mzigo, lijaribiwe mteremkoni. Kisha, injini ikipoa, fungua maji ya rejeta: ritada hupozwa na maji hayohayo, kwa hiyo ukiona mafuta yanaelea, huenda kipoozeo chake kimetoboka. Hapo shusha bei sana, au liache gari la watu.