Raba ya pinki ya Speedball: kuhamisha mchoro bila kuuchafua

Speedy-Carve ya Speedball ni kibao cha raba laini ya pinki, unene wa robo inchi. Naitumia hapa Mbeya kwa mihuri ya vifungashio: kahawa, asali, sabuni. Inachongeka vizuri na haimeguki kingo kama vifutio vya shule. Wanaokwama nayo mara nyingi hukwama kabla ya kushika kisu, kwenye kuutoa mchoro karatasini, kwa hiyo tathmini yangu naielekeza huko.

Futa kibao kwa pamba yenye spiriti kidogo, kikauke. Kikiwa na utelezi, penseli hushika kwa madoadoa.

Kwa mistari minene, penseli inatosha kabisa. Chora kwa penseli laini ya 4B au 6B kwenye karatasi ya kunakilia, ile inayopitisha mwanga. HB ni ngumu na mistari yake hutoka hafifu. Laza karatasi kifudifudi juu ya raba, ibane upande mmoja kwa selotepu, sugua kwa mgongo wa kijiko. Nguvu haihitajiki. Inua kona uangalie, palipofifia rudia huku selotepu ikiwa palepale. Maandishi yaandike kawaida: yatageuka yenyewe kwenye raba, na muhuri ukigongwa yatasomeka sawa. Kasoro ni kwamba penseli hufutika kwa kiganja wakati wa kuchonga. Pitisha maka peni ya ncha nyembamba juu ya mistari, iache ikauke ndipo uanze.

Karatasi ya kaboni siipendekezi kwa raba hii. Haigeuzi mchoro, kwa hiyo jina la duka litachapika kinyume usipoligeuza kwanza. Halafu ncha ya kalamu huchimba vifereji, na vifereji hivyo huonekana kwenye chapa kama mistari mieupe.

Herufi ndogo zinataka fotokopi. Steshenari omba kopi ya mashine ya tona (wino wa unga), siyo printa ya wino wa maji. Kama huna uhakika, pitisha kidole kibichi juu ya kopi: ikichuruza, ni wino, na njia mbili zinazofuata hazitakusaidia. Usikubali wakugeuzie mchoro kwenye kompyuta, maana utageuka mara mbili na muhuri utasomeka kinyume.

Njia ya pasi ndiyo safi zaidi. Pasi ya umeme, moto wa kati, bila mvuke. Kopi kifudifudi, karatasi nyingine kavu juu yake, kandamiza sekunde 15 hivi kisha angalia kona. Usiburuze pasi kama unanyoosha shati, mchoro utatanuka. Ukizidisha moto raba yenyewe hulainika na kupinda. Pasi ya mkaa iache, moto wake huwezi kuupima.

Asetoni hutoa mistari myembamba kuliko zote, ila haisamehi. Dawa ya kufutia rangi ya kucha iwe na asetoni. Isiyo nayo haifanyi kazi. Pamba iwe na unyevu tu, isichuruzike. Gusagusa mgongo wa kopi mpaka mchoro uonekane kwa nyuma, sugua haraka kwa kijiko, bandua karatasi kabla haijakauka. Ikizidi, tona huyeyuka na herufi kama "e" na "a" hujaa weusi, na uso wa raba hubaki unanata. Kwenye baridi ya Juni na Julai huku kwetu asetoni hukauka polepole, hivyo punguza zaidi. Dirisha liwe wazi, na lile jiko la mkaa la kuotea litoke chumbani kwanza, kwa sababu mvuke wa asetoni hushika moto upesi.

Raba hii naipa nyota nne. Ya tano imeondoka kwa upatikanaji: steshenari za Mwanjelwa, hapa Mbeya, nilizouliza hawana, inabidi kuagiza Dar. Ndiyo maana nachonga pande zote mbili za kibao, na vipande vinavyobaki navikata kwa ajili ya nyota, majani na namba za gramu.